Jinamizi la Askari katika Masimulizi ya Mrima

Mwenye kuitafuta hali ya moyo wa askari katika maandishi ya Mrima yampasa aanzie Bagamoyo, mwaka 1889. Hapo Hermann von Wissmann aliteremsha jeshi lake, ambalo kiini chake kilikuwa Wasudani wapatao 600 walioandikwa Misri, na mwezi wa Mei akalivunja boma la Abushiri bin Salim karibu na mji. Desemba Abushiri alinyongwa Pangani. Hemed bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa zama hizo, alivitungia vita hivyo utenzi, nao ulitolewa na J. W. T. Allen mwaka 1955.

Utenzi huo ni hazina. Walakini usiku wa askari baada ya mapigano haumo. Si upungufu wa mtunzi. Utenzi husimulia vita vya watu wote, na hata Shaaban Robert, katika utenzi wake wa vita vya 1939-1945, aliifuata njia hiyo. Uchungu wa mtu mmoja hutaka nathari, hasa hadithi fupi, iwezayo kukaa naye usiku mmoja.

Nathari ilikuwapo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alieleza habari za pepo na uganga wake katika *Desturi za Wasuaheli* (1903). Basi lugha ya jeraha lisiloonekana ilikuwa tayari, katika mji ule ule wa askari. Lakini askari hakuletwa mbele ya mganga. Yamkini askari wa Mdachi aliogopwa mno, na aogopwaye haulizwi ndoto zake.

Aliyeyaunganisha mambo haya mawili, kwa rai yetu, ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, ingawa kwa Kiingereza na kwa riwaya: *Afterlives* (2020). Hamza, aliyejiandikisha mwenyewe katika jeshi la Wadachi, arudi pwani na jeraha la upanga wa mkubwa wake Mjerumani. Mchana hasemi neno, usiku huweweseka. Lakini asikiaye sauti si yeye, ni mwanawe, aliyezaliwa vita vimekwisha. Yeye ndiye aitiwaye shekhiya, na sauti ile yamtaka Ilyas, mjomba aliyepotelea katika jeshi lilo hilo. Daktari angeyaita maradhi ya akili. Nyumba ile yayaona kuwa ni deni la habari. Kijana akua, aenda Ujerumani kuitafuta, na aikuta: mjombawe alifia katika kambi ya Sachsenhausen.