Susu na Njia ya Mtoni

Susu alipopatwa na kiharusi, sisi wa Kitui tulimlaza. Tulimlaza kwelikweli: uji kitandani, maji kitandani, na akijaribu kuinuka anakemewa. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, maneno yamepotea. Tuliona huruma ni kumwacha apumzike.

Ajabu ni kwamba sisi ni watu wa miguu. Karne ya 19 misafara ya Kivoi ilitoka huku Kitui ikibeba pembe za ndovu hadi Mombasa, na Krapf, aliyekuja kwake kwa miguu mwaka 1849, ndipo alipouona Mlima Kenya.

Aliyetushtua ni shangazi, aliyeolewa Makueni. Kaunti yao ilianza mwaka 2016 mpango wa matibabu wa shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka, na huko alishamwona baba mkwe wake akifundishwa kutembea upya. Akaja, akasema, "Mwaitu, inuka." Tukagombana naye, ee.

Baadaye nilisoma habari za Pedro Bach-y-Rita, mwalimu wa New York aliyepatwa na kiharusi mwaka 1959. Mwanawe George alimtambaza kama mtoto, akiegemea ukuta, mpaka akarudi kufundisha. Alifariki mwaka 1965 akiwa anapanda mlima Kolombia. Ubongo wake ulipochunguzwa, kidonda kilikuwa bado kipo, kikubwa tu. Sehemu nyingine zilikuwa zimeishika kazi. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walionyesha jambo la jirani: kati ya wazee 120 wasio na kiharusi, waliotembea mwaka mzima waliongezeka hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, kwa asilimia 2. Waliojinyoosha viungo tu, yao ilisinyaa.

Ila si kukurupuka. Utafiti wa AVERT wa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104, uliona kwamba kuwaamsha kwa nguvu na mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza kuliwapunguzia nafasi ya kupona vizuri. Kwa Susu miezi ilikuwa imepita.

Alianza kwa kufika mlangoni. Kisha mwembeni. Kila asubuhi shangazi alimshika kiuno, wakienda mpaka pumzi ipande, wanakaa, wanaenda tena. Wiki ya tisa walifika mtoni. Wasichana walikuwa wakichimba mchanga kutafuta maji. Susu akawatazama, akanyoosha fimbo kwa mkono wa kushoto.

"Hapo hakuna," akasema. "Chimbeni kule."