Kifo cha mke kwa ajili ya dahej: nani anabeba jinai katika sheria ya India

Mahari kwetu sisi ni haki ya mke: anatoa mume, na mwenye mali ni mke mwenyewe. India iko ada inayokwenda kinyume chake. Huitwa dahej, nayo ni mali inayotoka kwa wazee wa bibi harusi kwenda kwa bwana harusi na jamaa zake: dhahabu, fedha taslimu, gari, hata kiwanja. Khabari zake zikiandikwa kwa Kiswahili mara nyingi nazo huitwa "mahari", na msomaji akasikia kuwa mke kafa kwa ajili ya mahari asifahamu vipi. Hapa Ghuba, ambapo Wahindi ni majirani na wafanyakazi wenzetu, inafaa tulijue jambo hili lilivyo.

Marufuku ya 1961

Sheria ya Kukataza Dahej ya mwaka 1961 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea. Kifungo hakipungui miaka 5, isipokuwa mahkama ieleze sababu maalumu ya kupunguza. Kudai tu, hata kama hakikutolewa kitu, ni kosa la kifungo cha miezi 6 hadi miaka 2. Sheria hiyo imesema wazi kuwa mahari ya Kiislamu haimo katika marufuku. Lakini Muislamu anayewadai wakwe zake pikipiki ama fedha haponi kwa hilo, kwani alichodai si mahari.

Zawadi zilizotolewa bila ya kudaiwa zinaruhusiwa. Hapo ndipo wengi wanapojificha: deni la lazima huitwa zawadi.

Makosa matatu

Marufuku peke yake hayakutosha. Madai yaliendelea baada ya harusi, na wake wakawa wanakufa kwa kuungua ama kwa kujiua. Bunge likaongeza vifungu katika Sheria ya Adhabu mwaka 1983 na 1986. Tangu tarehe 1 Julai 2024 sheria mpya, Bharatiya Nyaya Sanhita, imechukua nafasi ya ile ya zamani, lakini makosa yenyewe ni yale yale:

- Ukatili wa mume au jamaa zake (zamani 498A, sasa 85 na 86): kifungo hadi miaka 3. Ukatili ni kitendo cha makusudi kinachoweza kumsukuma mke ajiue au adhurike vibaya, na pia kumsumbua ili yeye au jamaa zake watoe mali isiyo haki.
- Kuchochea kujiua (zamani 306, sasa 108): kifungo hadi miaka 10.
- Kifo cha dahej (zamani 304B, sasa 80): si chini ya miaka 7, na kinaweza kufika kifungo cha maisha.

Mume hakumgusa: kwa nini ashitakiwe?

Hili ndilo suala linalowatatiza watu. Mke kajiua mwenyewe, mlango umefungwa kwa ndani. Mume ana kosa gani?

Jibu ni kuwa kosa la kifo cha dahej halitazami mkono wa nani uliomuua. Linatazama mambo manne: mke amefariki kwa kuungua, kwa jeraha, au kwa njia isiyo ya kawaida, na kujiua kumo, amefariki ndani ya miaka 7 ya ndoa, alifanyiwa ukatili au usumbufu na mume au jamaa zake kwa ajili ya dahej, na ukatili huo ulitokea muda mfupi kabla ya kifo.

Upande wa mashtaka ukishathibitisha hayo, mahkama inalazimika kuchukulia kuwa mshitakiwa ndiye aliyesababisha kifo, na mzigo wa kujitoa unahamia kwake. Sababu iko wazi. Mateso hutokea ndani ya nyumba, na shahidi mkubwa ni marehemu.

Katika kosa la kuchochea kujiua mambo ni tofauti kidogo. Hapo mahkama inaweza kuchukulia hivyo, lakini hailazimiki. Inapima mazingira yote.

Maneno "muda mfupi kabla" yamebishaniwa sana. Mwaka 2021 Mahkama Kuu Kabisa ya India, katika kesi ya Satbir Singh dhidi ya jimbo la Haryana, ilisema hayana maana ya papo kwa papo. Kinachotakiwa ni mafungamano yaliyo hai baina ya ukatili na kifo.

Kinga ya mshitakiwa

Nguvu hizo zina mipaka. Familia yenye uchungu huweza kumtaja kila mtu wa upande wa mume, hata wifi anayeishi mji mwengine. Ndiyo maana mwaka 2014, katika kesi ya Arnesh Kumar dhidi ya jimbo la Bihar, mahkama hiyo iliwakataza polisi kumkamata mtu wa 498A bila ya kupima kwanza kama kuna haja. Na bila ya ushahidi wa ukatili unaohusu dahej, dhana ya sheria haianzi kufanya kazi.

Mke akiwa hai

Takwimu za serikali ya India zilionesha zaidi ya vifo 6,000 vya dahej katika mwaka 2022 pekee. Katika kesi nyingi za namna hii hubainika kuwa marehemu aliwahi kuwalalamikia wazee wake, akaambiwa avumilie, akarejeshwa.

Mke aliyekimbilia kwao anaweza kushitaki huko huko kwao. Mahkama iliamua hivyo mwaka 2019. Ujumbe wa simu na risiti za fedha zilizotumwa kwa wakwe ni ushahidi, zisifutwe. Raia wa India akitenda kosa hili nje, hata hapa Ghuba, anaweza kushitakiwa kwao, ingawa kesi kusikilizwa kunahitaji idhini ya Serikali Kuu.

Kifungu cha kifo kina adhabu kubwa zaidi, lakini huanza kufanya kazi baada ya maziko. Kile cha ukatili, chenye miaka 3 tu, kinaweza kutumika mke angali anapumua, na kwa kawaida anayeweza kumsindikiza kituoni ni yule yule mzee anayemwambia arudi kwa mumewe.