TEHAMA Yamsogezea Mwanamke Haki za Ndoa na Familia

Matumizi ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) yamewarahisishia wanawake nchini Tanzania kuzifahamu haki walizopewa na Sheria ya Ndoa ya Mwaka 1971. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawanya mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja pindi ndoa inapovunjika.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Asiyejua hayo huweza kuondoka mikono mitupu akidhani hana stahili. Hivi sasa hukumu za mahakama huchapishwa katika mtandao wa TanzLII, ambako mwananchi huzisoma bila malipo.

Hata hivyo, simu haiondoi taratibu: kwa kawaida, shauri la talaka hutanguliwa na Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Aidha, wananchi wanashauriwa kutunza cheti cha ndoa, stakabadhi na ujumbe wa miamala ya simu, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani.