Mbwa mkubwa wa kulinda: jamaa yako itamuweza?

Mu vijiji vya teritware ya Walikale, Buleusa ikiwa kimoja chao, mbwa ndiye mlinzi wa kwanza wa parseli. Mara nyingi ni mbwa wa kienyeji, mwembamba, anayekula mabaki ya bugali. Lakini wenye duka, wenye mbuzi ao wenye ndugu ku Goma na Butembo wanaweza kutamani mbwa mkubwa wa kigeni, yule wa kutisha mwizi kwa macho tu. Mbele ya kutoa feza, kuna maulizo ambayo jamaa nzima inapaswa kujibu pamoja.

Ni mbwa gani hao?

Anayejulikana zaidi ni mbwa mchungaji wa Kijerumani, ambaye watu wa muji wanamuita berje aleman. Dume lake linafika kilo 30 mpaka 40. Rottweiler anaweza kufika 50 na kupita. Boerboel, anayetoka Afrika ya Kusini, anapita hata kilo 60. Kwa kulinganisha, Basenji, mbwa wa kuwinda aliyetoka mu pori la Kongo na anayejulikana dunia nzima, ana kilo karibu 11 tu. Yeye habweki kama wengine, ndiyo maana wawindaji wanamfunga kengele ya mti shingoni.

Atakula nini?

Hapa ndipo jamaa nyingi zinakwama. Mbwa wa kilo 40 anahitaji kila siku chakula chenye nguvu karibu sawa na ya mtu mzima. Bugali peke yake haimutoshi: anahitaji nyama, samaki, ndagala, mayai ao maharagwe yaliyopikwa vizuri. Kama nyumbani watoto wanakula mara moja kwa siku, kuongeza mbwa wa namna hiyo ni kuongeza mdomo mukubwa kwenye sahani ndogo. Na mbwa mwenye njaa halindi: anaiba kuku wa jirani. Tena, mbwa hao wanaishi miaka 8 mpaka 12. Si matumizi ya mwezi moja.

Munganga wa wanyama yuko wapi?

Mbwa wa kigeni anashikwa haraka na magonjwa ya kupe kuliko yule wa kienyeji. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa anaweza kufa kwa siku chache kwa ugonjwa wa kuhara damu unaoitwa parvo. Vaksini inataka baridi, na barabara zetu ni mbaya. Kwa hiyo uliza kwanza: ni nani atamuchanja, wapi, na kwa bei gani?

Vaksini ya lazima kuliko zote ni ile ya kichaa cha mbwa. Shirika la afya duniani, OMS, linakadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu karibu 59.000 kila mwaka, na karibu wote waliumwa na mbwa. Alama zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Mbwa anachanjwa akiwa na miezi 3, kisha anarudiliwa kama munganga anavyopanga. Mtu akiumwa, aoshe kidonda mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbie kituo cha afya siku ile ile kuomba vaksini, asingojee kuona kama mbwa atakufa.

Nani atamufundisha?

Ku Rumangabo, Parke ya Virunga ilianza mu 2011 kutumia mbwa wakubwa wa kunusa nyayo za wawindaji haramu. Walikuwa na walinzi waliosomea kazi ile, walizoezwa, walikula vizuri na walitunzwa na munganga. Nguvu yao ilitoka ku kazi hiyo ya kila siku, si ku damu yao peke yake.

Mtoto wa mbwa aanze kuzoea watu, watoto, mbuzi na makelele kati ya wiki ya 3 na ya 14. Ukimufunga kamba usiku na mchana, atakuwa mkali hata kwa wenye nyumba. Na usitegemee ulinzi haraka: mbwa mkubwa anamaliza kukomaa kwa mwaka moja na nusu ao miwili.

Watoto na majirani

Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa mkubwa, hata akiwa mpole. Mu vijiji vyetu watoto wanapita mu parseli ya kila mtu wakienda kuchota maji, na parseli nyingi hazina ukuta. Sheria pia iko wazi: kifungu cha 261 cha kitabu cha tatu cha kode sivile ya Kongo kinasema mwenye mnyama anajibu juu ya hasara ambayo mnyama ameleta, hata kama alikuwa amepotea ao ametoroka. Akiuma mtoto wa jirani, wewe ndiye utalipa.

Na siku ya kukimbia?

Wakaaji wa hapa wanajua kulala nyumbani na kuamka mu pori. Mbwa anaweza kubweka mapema na kuamsha jamaa, hiyo ni faida. Lakini hawezi kuzuia bunduki, na mahali mlipojificha, sauti yake inaweza kuwaonyesha. Jamaa ya kuwapokea nayo inaweza kukubali watu sita, ikakataa mbwa wa kilo 50. Akiachwa nyuma na njaa, atakuwa hatari kwa wale waliobaki.

Kuamua

Kama mna ukuta ao lupango imara, chakula cha kutosha, munganga wa kufikia, na mtu mzima moja wa kumuzoeza kila siku, mbwa mkubwa anaweza kuwafaa. Kama hata moja ya hayo inakosekana, mbwa wawili wa kienyeji, waliochanjwa na kulishwa vizuri, watawaamsha usiku vilevile. Wanakula kidogo, wanazoea magonjwa ya hapa, na siku ya safari wanatembea nyuma yenu.