Tabaka la Katikati

Mwaka 1815 mkemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius, alipasha moto trioksidi ya tungsteni huku akiipitishia gesi ya haidrojeni, na unga ule wa manjano ukageuka rangi. Zaidi ya karne moja na nusu ilipita hadi Satyendra Deb, wa kampuni ya American Cyanamid nchini Marekani, alipoonyesha mwaka 1969 kwamba utando mwembamba wa dutu hiyohiyo hugeuka buluu kwa nguvu ya umeme. Historia ya vioo vinavyobadili rangi husimuliwa hivyo, rangi ikipewa sifa zote. Naona sifa kubwa inalistahili tabaka la katikati ya vioo hivyo, lile lisilo na rangi.

Tabaka hilo ni elektroliti. Kazi yake ni kupitisha ioni na kuzuia elektroni. Volti chache zikiwashwa, elektroni huingia kwenye trioksidi ya tungsteni kupitia waya, nazo ioni za lithi huvuka elektroliti kuzifuata. Kioo huwa buluu. Umeme ukigeuzwa, ioni hurudi zilikotoka na kioo huwa angavu tena. Ioni zikikosa njia, rangi haipatikani.

Vifaa vingi vya miaka ya 1970 vilitumia asidi ya salfa. Vilibadilika upesi, lakini asidi iliula utando wenyewe, na kimiminika huvuja. Nani angekubali dirisha la asidi nyumbani kwake?

Ufumbuzi ulianzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1973. Peter Wright na wenzake walichanganya chumvi za sodiamu na potasiamu na polima iitwayo polietileni oksidi, ambayo oksijeni zake hushika ioni za metali. Mwaka 1978 Michel Armand, wa Grenoble nchini Ufaransa, akapendekeza plastiki hiyo iwe elektroliti. Yeye aliwazia betri. Watu wa vioo wakanufaika pia.

Ugunduzi ninaouenzi kuliko yote ni wa mwaka 1983. Berthier na wenzake, hukohuko Grenoble, walithibitisha kwamba ioni hazipiti kwenye fuwele zilizopangika, bali katika sehemu legevu, ambako minyororo ya polima hutikisika na kupokezana ioni kama wazima moto wanavyopokezana ndoo. Ndiyo maana polietileni oksidi hupitisha kidogo mno katika joto la kawaida, hadi fuwele zake ziyeyuke karibu na nyuzi 60. Dirisha haliwezi kungoja joto hilo.

Wataalamu wakailegeza polima kwa viyeyushi, ikawa jeli inayopitisha ioni mara nyingi zaidi, tena yenye kugandisha vioo viwili pamoja. Nchini Uswidi, mwanafizikia Claes-Göran Granqvist akaitetea fikra ya madirisha erevu tangu miaka ya 1980. Mwaka 2011 ndege ya Boeing 787 ilianza kubeba abiria, madirisha yake yakitiwa giza kwa jeli badala ya pazia.

Shida iliyobaki ni jua lenyewe. Viyeyushi huvukiza na polima huchakaa kwa mionzi ya urujuanimno, kwa hiyo maabara sasa zinajaribu chumvi ambazo ni kimiminika katika joto la kawaida na hazivukizi kwa urahisi.