Mionzi, Mnururisho na Pumzi: Lugha ya Mtahiniwa wa Eksirei na Lugha ya Mgonjwa wa Kilimatinde

Utangulizi

Kilimatinde, katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, ni mji mdogo uliokaa ukingoni mwa Bonde la Ufa. Wakati wa utawala wa Wajerumani palikuwa na boma. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 ilikuwa imepita Saranda na Manyoni, na Kilimatinde ikaachwa kando. Hata hivyo, watu waliendelea kwenda huko kwa sababu ya hospitali, yaani Hospitali ya Mtakatifu Yohana ya Kanisa la Anglikana, yenye chuo chake cha uuguzi. Mahali kama hapo Kiswahili kina majirani wawili: Kigogo cha nyumbani na Kiingereza cha vyuoni.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya maneno ya upigaji picha wa eksirei, ya mwili na ya meno, kwa kumtazama mtahiniwa. Kijana wa Kilimatinde anayetaka kazi hiyo hana budi kwenda chuoni, kwa mfano Muhimbili au Bugando. Huko husoma na kutahiniwa kwa Kiingereza. Akisha kufuzu, kazi yake yote na mgonjwa huifanya kwa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba wasanifu wa istilahi wameshughulikia zaidi majina ya vitu, ilhali maneno yanayomkinga mgonjwa ni yale ya kuagizia na ya kuulizia, na hayo yameachwa kila mtu ajitungie.

Jina lililotoka kwa asiyejua

Tarehe 8 Novemba 1895, huko Würzburg, Ujerumani, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen aliona nuru ngeni ikipenya vitu ambavyo nuru ya kawaida haiwezi kuvipenya. Kwa kuwa hakujua asili yake, aliipa herufi ambayo wanahisabati huitumia kwa kitu kisichojulikana. Wajerumani baadaye waliiita kwa jina lake. Waingereza walibaki na herufi. Tanganyika ilitoka mikononi mwa Wajerumani ikaingia mikononi mwa Waingereza, na Kiswahili kikachukua matamshi ya Kiingereza: eksirei. Neno hilo limekaa vizuri. Hubeba maana tatu kwa pamoja, yaani mashine, picha na tendo, wala mgonjwa hatatiziki.

Matatizo yalianza kwa neno la pili. Mwonzi, wingi wake mionzi, ni mstari wa nuru, kama ule wa jua upenyao katika tundu la paa. Sheria ya mwaka 1983 ya kujikinga na mionzi iliunda Tume ya Taifa ya Mionzi, na sheria ya mwaka 2003 ikaweka mahali pake Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Kwa njia hiyo neno mionzi lilienea maofisini na magazetini. Wasanifu wa istilahi za fizikia, kwa upande wao, waliushika mzizi wa nuru, wakapata mnururisho kwa tendo la kutoa nguvu hiyo na unururifu kwa tabia ya elementi inayoitoa yenyewe. Hivyo tukawa na maneno mawili ya kitaalamu yasiyotumika mitaani, na neno moja la mitaani linalobeba yote.

Yafaa ikumbukwe kwamba jambo hili lina uzito wa pekee katika Wilaya ya Manyoni. Katika miaka ya 2000 kampuni za utafiti wa madini zilitafuta urani katika maeneo ya Bahi na Manyoni, na habari za urani ni habari za mionzi. Mwanakijiji akisikia neno lilo hilo hospitalini, ana haki ya kudhani kwamba anaambiwa kitu kile kile. Kumbe mionzi ya eksirei hukoma mara mashine inapozimwa, na mgonjwa hatoki na chochote cha kuwaambukiza wanawe. Urani hutoa mionzi usiku na mchana, na vumbi lake laweza kuvutwa puani au kubebwa katika nguo. Mtahini humwuliza mwanafunzi tofauti hiyo kwa Kiingereza, naye hujibu vema. Bibi wa Kilimatinde akimwuliza swali lilo hilo kwa Kiswahili, yampasa awe na maneno mawili wala si moja.

Jino na kivuli chake

Tuchukue sasa upande wa meno, maana hapo Kiswahili ni tajiri kuliko inavyodhaniwa. Chonge, gego, ufizi na taya ni maneno ya nyumbani, na hakuna haja ya kuyakopa. Kinachowasumbua watahiniwa ni pembe. Filamu iwekwayo kinywani haiwezi kulala sambamba na jino kila mara, kwa sababu kaakaa na ufizi huizuia. Mwaka 1907 daktari wa meno Antoni Cieszyński alieleza kanuni ambayo hadi leo hufundishwa: mionzi ielekezwe wima juu ya mstari unaoigawa nusu kwa nusu pembe iliyo kati ya jino na filamu. Hapo urefu wa picha huwa sawa na urefu wa jino.

Wengi huikariri kanuni hii bila kuielewa. Lakini mtoto yeyote aliyechunga mbuzi katika nyika za Ugogo ameiona. Jua likiwa utosini, kivuli chake ni kifupi. Jua likiinama jioni, kivuli hurefuka. Mionzi ikishuka kwa kusimama mno, jino hufupika katika picha. Ikilala mno, jino hurefuka, na mizizi yake hupotoka. Mwalimu akitaja kivuli cha asubuhi, cha adhuhuri na cha jioni, mwanafunzi huingia katika chumba cha mtihani akiwa na jambo alilolielewa, na kulieleza kwa Kiingereza huwa kazi ya kutafsiri tu. Kwa hiyo istilahi za kurefuka, kufupika na nusupembe zastahili kuingizwa katika orodha zetu.

Maneno yaliyolipiwa kwa vidole

Sehemu ya mtihani inayohusu kinga ina historia ya msiba. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alifariki mwaka 1904 baada ya mikono yake kuharibiwa na mionzi. Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans, alipoteza vidole, kisha mkono, akafa mwaka 1928. Mwaka huo huo, huko Stockholm, iliundwa kamati ya kimataifa iliyokuja kuwa Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi. Mwaka 1977 Tume hiyo iliweka misingi mitatu: kila picha iwe na sababu; kipimo kiwe kidogo kadiri inavyowezekana kwa busara; na kipimo cha mtu kisivuke ukomo. Kwa mfanyakazi, ukomo unaofuatwa ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, na kwa mwananchi wa kawaida ni milisiverti 1. Vipimo vya mgonjwa havimo katika ukomo huo, bali hutegemea misingi miwili ya kwanza. Kanuni nyingine ni ya umbali: ukiuzidisha mara mbili, nguvu ya mionzi hushuka hadi robo.

Msingi wa pili ndio unaotuhusu sisi watu wa lugha. Picha iliyoharibika hupigwa tena, na mgonjwa hupata kipimo mara mbili. Katika picha ya kifua, mtahiniwa hufundishwa kwamba mapafu lazima yajazwe hewa. Mgonjwa aliyetoa pumzi huonekana ana moyo mkubwa na mapafu meupe, na anayetafutiwa kifua kikuu aweza kudhaniwa anao au hana kwa makosa. Sasa agizo "Usipumue!" likitolewa peke yake, mwenye hofu huzuia pumzi pale pale alipo, hata kama alikuwa ameitoa. Agizo lililo salama lina hatua: "Bibi, vuta pumzi. Vuta tena. Izuie hapo. Usitikisike. Haya, pumua." Hakuna neno geni hata moja hapo, wala mtihani wa Kiingereza haumdai mtahiniwa maneno hayo.

Vivyo hivyo swali la ujauzito. Mwanamke akiulizwa "Una mimba?" mbele ya wakwe zake, hujibu la. Swali lenye adabu, linaloulizwa faraghani, ni: "Mama, mara ya mwisho uliona siku zako lini?" Jibu lake laweza kumwokoa mtoto aliye tumboni.

Hitimisho

Mwaka 2007 ilitungwa sheria ya kusimamia wataalamu wa radiolojia na upigaji picha wa tiba. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mambo hayo mawili yakikutana, watafsiri watatakiwa kuandika kanuni za kinga kwa Kiswahili, na bila shaka watagombana na neno mionzi. Tunapendekeza mionzi libaki kwa mionzi yenyewe, mnururisho kwa tendo la kuitoa, na unururifu kwa tabia ya vitu kama urani. Na vumbi la urani lisiitwe kamwe mionzi.

Zaidi ya hayo, vyuo viwape watahiniwa orodha fupi ya maagizo na maswali sanifu ya Kiswahili, nao wapimwe kwayo kama wanavyopimwa kwa pembe na vipimo. Mgonjwa wa Kilimatinde hataona cheti cha aliyempiga picha. Atakachokipata kwake ni maneno machache, na kwa maneno hayo picha hutoka mara moja au hurudiwa.