Jini Aliyenyang'anywa Hasira

Filamu ya The Brass Bottle ya mwaka 1964 ina kila kitu isipokuwa kichekesho. Ina Tony Randall, fundi wa kuhangaika mbele ya kamera. Ina Burl Ives, ambaye tayari alikuwa na Oscar yake kwa The Big Country. Ina Barbara Eden, ina rangi, ina fedha za studio ya Universal. Kijana msanifu majengo anapata chupa kubwa ya shaba, anataka kumpa baba mkwe mtarajiwa, bingwa wa mambo ya kale ya Misri. Kizibo kinatoka, moshi unafuka, jini Fakrash huyo, na tangu hapo mtazamaji anaanza kuangalia saa. Nimeirudia filamu hii kwa ukaidi tu, nikitafuta ilipoharibikia. Naona iliharibikia kwenye tabia ya jini.

Maana chupa hiyo ina nasaba yake, na sisi wa Pangani tuliijua kabla ya kujua sinema. Bibi yangu alikisimulia kisa cha mvuvi wa Alfu Lela Ulela kana kwamba kilitokea Bweni, pale ng'ambo ya mto. Mvuvi hutupa wavu mara nne kwa siku, hazidishi. Mara ya kwanza anavuta mzoga wa punda. Ya pili, jungu limejaa mchanga na tope. Ya tatu, vigae na vioo vilivyovunjika. Ya nne ndiyo chupa ya shaba, imezibwa kwa risasi, juu yake muhuri wa Nabii Suleiman bin Daudi. Bibi hakuruka hata wavu mmoja. Ukimharakisha, “Bibi, jini atoke basi!”, alirudi kwenye mzoga wa punda akaanza upya.

Na jini akitoka, hashukuru. Karne ya kwanza aliapa kumtajirisha atakayemfungua, asije mtu. Ya pili akaapa kumfunulia hazina za ardhini, asije mtu. Akaahidi haja tatu, kimya. Mwisho akaapa kumuua yeyote atakayemtoa, ila atamwachia achague namna ya kufa. Hapo watoto wote tulisogeleana mkekani. Tulimwelewa jini, tena tulimwonea huruma kidogo, na hofu yetu haikupungua kwa hilo. Ndiyo maana hila ya mvuvi ya kumrudisha chupani ilituchekesha sana.

Mwingereza mmoja aliijua siri hiyo. Jina lake Thomas Anstey Guthrie, mwanasheria aliyeona heri kalamu, akajiita F. Anstey. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchukua kitu chenye miujiza na kukitupa katikati ya Waingereza wenye adabu. Katika Vice Versa ya 1882 ni jiwe kutoka India, linalombadilisha baba kuwa mwanawe na mwana kuwa baba. Mwaka 1900 akatoa The Brass Bottle. Fakrash wake ana shukrani, lakini ni shukrani ya kutisha: haombi ushauri, hakubali kukataliwa, na akiudhika anamgeuza profesa, baba mkwe mtarajiwa, kuwa baghala mwenye jicho moja. Kumpa jini huyo msanifu majengo kulikuwa na akili, kwa kuwa hata Qurani inawataja majini waliomjengea Suleiman na kumzamia baharini. Mteja anataka nyumba ya shamba, jini anamwinulia kasri la Kiarabu, mteja anakuja juu. Mpaka mwisho kijana naye anatumia hila kumrudisha jini chupani, na chupa inatupwa mtoni Thames.

Waingereza waliifanya filamu mwaka 1914. Maurice Tourneur akaifanya tena Marekani mwaka 1923, na hiyo imepotea.

Ya 1964, iliyoongozwa na Harry Keller, ilihamishia kisa Marekani ya siku zake. Karamu ipo: wakwe wanakuja kula, wanakuta nyumba imegeuzwa kasri na mcheza ngoma anakata kiuno mbele ya mama mkwe. Baghala naye yupo. Lakini Ives anacheza jini kama mjomba mwema aliyekuja kusalimia, tumbo mbele, kicheko tele. Hana kinyongo, wala yeye mwenyewe hataki kitu. Jini wa hivyo ni mhudumu wa hoteli tu: analeta ulichoagiza na usichoagiza, na kazi yote ya kuchekesha anaachiwa Randall, ambaye hupepesa macho na kugugumia dakika baada ya dakika. Eden, mwenye uchangamfu kuwapita wote, amepewa nafasi ya mchumba wa kununa.

Haikupita miaka miwili kosa hilo likarekebishwa. Sidney Sheldon, mtunzi wa tamthilia za televisheni, akiwa na wazo lililotokana na filamu hii, alimfanya jini awe mwanamke. Awali hakutaka mwenye nywele za dhahabu, kwa sababu tamthilia ya Bewitched ilikuwa tayari na mchawi wa namna hiyo, lakini hatimaye alimchukua Eden yuleyule. Tamthilia yake, I Dream of Jeannie, ilianza kwenye televisheni ya NBC Septemba 1965, ikaenda vipindi 139 hadi 1970. Jeannie hana hasira ya karne nyingi, ila ana wivu na anamtaka mwanaanga wake kwa udi na uvumba, kwa hiyo kila muujiza una sababu. Chupa yake haikuwa hata ya shaba: mafundi walichukua chupa ya wiski ya Jim Beam, wakaipaka rangi na kuitia nakshi.